Bi Figo na Chumvi ya Kakaye

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Aliyeumba damu na njia zake, na Ajuaye yaliyofichwa nyoyoni.

Mwaka umetimia, mdogo wangu, tangu ulipotutoka. Wanaokukumbuka hapa, wa kwanza ni mumeo, kisha binti zako wawili, kisha mimi kakako, na nyuma yetu wanafunzi wako wa fiziolojia, waliokubandika jina la Bi Figo, nawe ukalifurahia.

Hukuwa na choyo cha elimu. Ulitueleza mezani, kijiko mkononi, kwamba presha ikipanda, figo hutoa chumvi na maji hata ishuke; isiposhuka, kosa ni la figo. Mumeo, mwalimu mwenzako, alishikilia kuwa ubongo na mishipa ya fahamu ndio wenye amri.

"Figo ni tarishi tu, mama watoto."

"Tarishi gani, bwana, anayemwamrisha mkubwa wake?"

Ukacheka, ukammiminia chai.

Mlipotaka ushahidi, mkanda wa kupimia presha ulifungwa mkononi mwangu, mimi mwenye presha ya juu. Miezi mitatu niache chumvi; presha ikishuka, figo zimeshinda. Kila asubuhi baada ya sala uliniuliza, "Kaka, hujaonja?" Nami nikajibu, "Sijaonja." Presha haikushuka. Ukaandika daftarini: "Ajabu. Huenda mume wangu ana haki." Ukaondoka duniani na shaka hiyo.

Mdogo wangu, nilikuwa nikila. Kichupa cha chumvi kilikaa nyuma ya diwani zangu za mashairi, na yai la kuchemsha halikupita bila kunyunyiziwa. Niliona haya kukiri mbele ya mtu niliyemfundisha herufi.

Mwezi uliopita nilimwambia mumeo. Akalifunga lile daftari, alilozoea kuwaonyesha wageni kama hati ya ushindi.

"Shemeji! Mwaka mzima nimeshinda kwa chumvi yako?"

Kisha akauleta mkanda. Safari hii chumvi nimeiacha kweli. Binti yako mkubwa amekitwaa kichupa. Wiki hii, ya nne, presha imeshuka.

"Figo hizo!" nikasema.

Mumeo akatikisa kichwa. "Si figo, shemeji. Umeutua mzigo wa uongo, mishipa ya fahamu imepumzika."

Laiti ungekuwepo ukamjibu. Sisi hatujui. Tunapima, na tunaandika katika daftari lako lile lile, chini ya neno lako "Ajabu".

Hutoki nyoyoni mwetu. Mola akurehemu, anisamehe mimi, na awajaalie waliobaki ukweli wa ulimi na hamu yako ya kuuliza. Amin.