Mkanda wa Tatu na wa Nne

Jumatatu, 4 Machi

Wewe uliyeliokota daftari hili, nakusihi, lifunge. Usimsomee mtu hata neno moja. Ndio kwanza nina miezi mitatu kazini hapa, kwenye hifadhi ya filamu za zamani, na dada alinitafutia nafasi hii kwa shida.

Leo wajumbe sita wameanza kubishana: filamu zipi ziingie kwenye Kumi Bora za nyakati zote. Mimi naandika muhtasari. Si mchezo! Kumi hizo zitanakiliwa upya. Nyingine zitabaki ghalani, na huko makopo yameanza kunuka siki — mikanda inaoza.

Miwani, mhakiki wa gazeti, anasema filamu kubwa ni ile inayokufuata hadi nyumbani. Mwalimu wa fasihi akamjibu kwamba hata mbwa koko humfuata nyumbani, ampigie kura? Nilicheka kimoyomoyo. Lakini wanajua, watu hawa! Wanakumbuka taa ilisimama wapi katika picha ya miaka hamsini iliyopita.

Jumanne, 5 Machi

Imebaki nafasi moja. Wametazama filamu ya mama mshonaji, ya mikanda mitano, kila mmoja na kopo lake. Sijapata kuona kitu kama kile. Koti linarudi kwa posta, bila mwenyewe. Kisha — ndipo! — tunamwona mwanawe amelivaa, anaondoka, anacheka, na mama anang'ata uzi wa kifungo cha mwisho.

Miwani alipenga kamasi mbele ya watu. Akasema mwongozaji huyu amethubutu: tumeshajua kijana hatarudi, halafu tunalazimishwa kumuaga. Mwalimu akakiri kwamba huyu si mbwa koko. Mikono sita juu. Imeingia!

Jumatano, 6 Machi

Nimekwisha.

Nilikuwa narudisha makopo. Ndani ya kopo la tatu, kwenye ncha ya mkanda, kuna namba iliyokwaruzwa zamani: 4. Ndani ya la nne: 3. Lebo mpya niliziandika mimi wiki iliyopita, kwa mwandiko wangu mzuri. Koti halikupaswa kurudi kabla ya kijana kuondoka. Kuthubutu kote walikokusifu ni uzembe wangu!

Fundi wa mashine ya kuonyeshea filamu akasema yeye hupachika kilichoandikwa, mwanangu, hasomi mioyo. Halafu akanishauri ninyamaze. Wameipenda, itanakiliwa, nani kaumia?

Nikisema, huenda ikatolewa. Itaoza. Na mwongozaji mwenyewe anakuja Ijumaa kuitazama pamoja nao. Bibi wa miaka themanini na moja.

Alhamisi, 7 Machi

Saa ya chakula fundi alinionyesha peke yangu, kwa mpangilio wake wa kweli. Mama anang'ata uzi mweupe. Kijana anaondoka. Nikamtakia safari njema, mjinga mimi! Koti liliporudi, kidole cha mama kilikwenda moja kwa moja kwenye kifungo kile. Kimeshonwa upya kwa uzi mweusi. Mtu mwingine, huko mbali, alimshonea mwanawe.

Juzi sikuuona uzi ule. Ningeuonaje, na mweupe sikuwa nimeuona?

Ni kubwa kuliko walivyosema. Lakini wao wataona?

Ijumaa, 8 Machi

Bibi amefika. Mwenyekiti wa wajumbe amemketisha mbele. Miwani alimwamkia, akamsifu kwa ule mpangilio wake wa ajabu. Bibi akauliza, mpangilio gani, baba? Miwani akadhani hasikii vizuri, akarudia kwa sauti. Nikakimbilia makopo.

Nimebadilisha lebo. Nimemwambia fundi apachike hivyo. Akanitazama, akasema haya, basi tufukuzwe wote.

Kabla taa hazijazimwa nilimwachia Bibi karatasi mkononi: Aliyekosea namba ni mimi, si filamu yako.

Mkanda wa tatu umeshakwisha. Wa nne unaingia.

Chini ya karatasi niliongeza: Niko chumba cha makopo, nyuma ya ukumbi, mlango wa kijivu. Gonga kwa nguvu, mashine ina kelele. Usimtume Mwenyekiti, tafadhali, njoo mwenyewe. Ila usije kabla ya ule uzi mweusi. Nimeweka sikio mlangoni, nangoja kusikia kama Miwani atapenga —