Sufuria ya Maji Uliyoitangaza Ukumbini

Garissa, Jumatano

Baba Rukia,

Assalamu alaikum. Salamu ni haki ya Muislamu kwa mwenzake, ndiyo maana nimekupa; usije ukadhani nimepoa. Mama kifua chake kinaendeleaje? Dawa anazimeza, au bado anazificha chini ya mto? Mtoto hajambo? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Joto la huku unalijua, ulilala siku mbili tu ukalalamika mpaka majirani wakacheka. Roho ndiyo si nzima, na aliyeiumiza ni wewe.

Nilipokuwa kazini Wajir uliniandikia kurasa tatu nzima kunisimulia ulivyohutubia ukumbini hapa Garissa ukapigiwa makofi. Suti ya kijivu, maofisa mstari wa mbele, walimu, wafanyabiashara, wazee wa mji. Mjinga mimi nikafurahi, nikawasomea wenzangu kwa sauti. Ulichokisema hasa hukuniandikia. Nimekuja kukijua wiki hii, mlangoni pa watu.

Kazi yetu unaijua. Kila baada ya miaka kadhaa tunarudi kwenye nyumba zile zile, tunauliza maswali yale yale, ili ijulikane maisha ya watu yanapanda au yanashuka. Majina yakishafutwa, ofisi inawapa watafiti majibu wayatumie. Ulipotaka ya Garissa kwa ajili ya shahada yako, ni mimi niliyekupeleka kwa mkubwa wangu. Nikamwambia huyu ni mume wangu, ana adabu zake. Ukatia saini, ukapewa diski, na yale maelezo tuliyoandika pembeni kwa mikono yetu ukapewa pia.

Basi juzi tumeanza duru ya pili, tukaanzia Galbet. Lahaula! Mitaa ile ile tuliyokaribishwa kwa mikeka, sasa mageti yanafungwa tukionekana kwa mbali. Msichana wetu mmoja amemwagiwa maji ya kuoshea vyombo, nguo zote zikalowa chapa. Mwingine aliambiwa na mama mmoja, "Enda uliza ukumbini. Huko ndiyo majibu yetu iko." Hakuna aliyetaka kutueleza zaidi ya hapo.

Nikaenda mwenyewe kwa Halima. Labda jina hulijui, kwa kuwa wewe ulimpata bila jina. Ni yule mjane anayeuza maziwa ya ngamia. Duru ya kwanza alinipa chai, akajibu kila kitu, ila swali la chakula likamnyamazisha. Nikamwapia kwamba halitatoka nje. Ndipo akanieleza kwamba siku ambazo hakuna kitu ndani, yeye huwasha moto na kuinjika sufuria ya maji matupu, moshi uonekane, majirani waseme kwa Halima wanapika. Hakutaka kuonewa huruma na mtu. Hata shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe, anayefanya biashara ya mifugo Mandera, hakuwa anajua. Niliyaandika pembeni kwa sababu yalinichoma moyo.

Nawe ukayachukua ukaenda kufungulia nayo hotuba! Nimeambiwa ulivyosema: kuna mjane Galbet, muuza maziwa, alikuja kutoka Bura mifugo ilipokufa kwa ukame, ana mapacha wa kike, na watoto wakilia njaa huwachemshia maji. Ukanyamaza kidogo, eti, watu wapate kusikitika.

Nakusikia toka huku unavyojitetea: "Mama Rukia, jina sikulitaja." Ee bwana wee, hukulitaja! Huku jina ndicho kitu kisichomtambulisha mtu. Galbet ukiita Halima watatoka akina Halima mlango hadi mlango, na Mohamed ndiyo usiseme. Kwa hiyo watu huitana kwa alama zao. Karani wetu mfupi anaitwa Gab, yaani mfupi, na mshahara wake tu ndio unaojua jina lake la kweli. Mimi ni Yule wa Miwani. Na Halima mji mzima unamwita Mama Mapacha wa Bura. Sasa wewe umefuta nini na umeacha nini? Ofisi yetu nayo ilikuwa kipofu, nimewaambia waziwazi, maana sheria ya kufuta majina ilitungwa na watu wa Nairobi wanaojuana kwa majina. Lakini wao hawakusimama jukwaani. Ni wewe uliyesimama.

Nusu ya ukumbi ilimjua kabla hujanywa maji yako ya chupa. Habari ikapanda lori hadi Mandera. Shemeji yake akaambiwa sokoni, mbele ya wateja, kwamba watoto wa nduguye marehemu wanachemshiwa maji na yeye anauza ngamia. Mwanamume wa huku kuambiwa hivyo! Na kwao watoto ni wa upande wa baba. Akaja na wazee wawili, hakugomba, hakumpiga mtu. Akasema, "Mtoto ya ndugu yangu haitalala njaa tena," akawapandisha Hodan na Ifrah garini. Walikuwa darasa la sita, Hodan namba mbili darasani. Shule wameacha. Mama yao hajawaona tangu siku hiyo.

Halima alinipa kigoda nikakaa. Chai hakunipa, na sikuitamani. Nilikuwa nimekwenda kikazi, nikaanza kama tunavyoanza siku zote: jana usiku wamelala wangapi hapa na kula chungu kimoja?

"Moja," akasema.

Nikainamisha kichwa.

"Andika, abaayo," akaniambia. Ananiita dada, hata kwa hasira ile. "Kwani kalamu imekauka? Ile siku iliandika mbio. Andika moja, halafu belekea mume yako, ajue hesabu imebadilika. Wallahi, mimi nilikuwa na njaa, lakini nilikuwa na watoto yangu."

Nililia, Baba Rukia. Nililia mbele ya mtu ambaye yeye mwenyewe halii. Akaniacha nikamaliza, kisha akasema machozi yangu hayana kazi, kazi iko kwako. Shemeji yake ameshatamka mbele ya wazee: aliyeivunja heshima ya nyumba ile hadharani aje yeye mwenyewe, akae mbele yao Mandera, akiri, aombe radhi, alipe haal. Ndiyo fidia yao ya kumvunjia mtu heshima. Wazee watapanga kiasi, na usijaribu kubishana. Akifanya hivyo, aibu inafutika, na wasichana wanarudi kwa mama yao kwa heshima. Barua hawaitaki. Mimi nilijitolea kwenda kwa niaba yako, nikaambiwa mke hawezi kukiri kwa mdomo wa mumewe.

Kwa hiyo sikiliza. Ofisini nimeshaandika kwamba maelezo ya pembeni yasitoke tena, wala jina la mtaa. Na nimeandika kwamba wewe hasa, ukija kuomba majibu ya duru hii, usipewe. Nimetia saini mimi mkeo. Shahada utaitafuta kwa njia nyingine.

Lori la mfanyabiashara mmoja wa hapa linakwenda Mandera Jumatatu ya wiki ya pili, pamoja na msafara wa askari. Mimi na Halima tumeshaomba nafasi, na yako nimeiomba. Njia ni mbaya, vumbi utalila, na suti uiache nyumbani. Usinipigie simu posta kunieleza mtihani sijui wa wanafunzi wako gani unaousimamia. Ulipotaka makofi ulipata ruhusa.

Nisalimie mama mkwe, nawe umweleze kwa nini unasafiri, usimtume mtu. Shemeji Athumani, nduguyo, msalimie, mwambie alale hapo nyumbani mpaka turudi. Dada yangu Mwanaidi mwambie kanga zimefika, Mungu ambariki, moja nimempa Halima. Jirani yetu fundi cherehani msalimie na mkewe.

Na Rukia umbusu. Atakuuliza mama anarudi lini, najua. Mwambie kuna wasichana wawili, wa umri wake hasa, wameondolewa kwa mama yao kwa sababu ya maneno ya baba yake, na baba yake ndiye anayekwenda kuwarudisha. Mweleze hivyo hivyo kwa kinywa chako, umtazame usoni. Ukishamaliza, ubaki Mombasa kama utaweza.

Ni mimi, mkeo kwa sasa,

Mama Rukia