Lifti Inasimama Ghorofa Yako, Shangazi

Karakana ya Lifti,
S.L.P. 418,
9 Juni.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Goti limepoa? Na binti yako huko anakutunza vizuri? Sisi tu wazima, ila mume wangu ananuna kwa kuwa nimemkataza sigara.

Umeandika kwamba unarudi nyumbani kwako mwezi ujao. Ndiyo maana nashika kalamu.

Wapangaji walilalamika kwamba lifti ya jengo lenu inasimama bila kuitwa. Nikafunga kihesabio, kifaa cha kuhesabu kila inapopita na kila inaposimama bila kuitwa, nikakiacha wiki nzima. Mlinzi aliposoma namba alicheka.

“Fundi, tatizo liko ghorofa ya kwanza. Imesimama ovyo mara thelathini! Ya nne ni kumi na tano tu.”

“Imepita ya kwanza mara ngapi?”

“Mia tatu.”

“Basi gawa. Thelathini kwa mia tatu ni moja kati ya kumi. Ya nne, ambako watu hawapandi sana, imepita mara ishirini na tano tu. Kumi na tano kwa ishirini na tano ni sita kati ya kumi.”

Kicheko kikamkauka. “Huko juu hakai mtu tangu shangazi yako aondoke.”

Nikabadilisha nyaya na vitufe vyote. Ghorofa ya kwanza ikapona kabisa. Ya nne ikapanda: safari ishirini, imesimama kumi na nane. Tisa kati ya kumi, Shangazi. Katika kazi yangu sijaona kifaa kipya kikizidisha ugonjwa.

Jumamosi mchana nikapanda na ule ufunguo ulioniachia. Vumbi kila mahali, isipokuwa kwenye kiti cha marehemu mjomba, mumeo. Nikagusa mto wake. Ulikuwa na joto, kama mtu kaondoka sasa hivi. Madirisha yalikuwa yamefungwa, na jua haliingii upande ule.

Nikatoka, nikafunga mlango kwa ufunguo. Sijafika kwenye lifti, nikasikia komeo la ndani likisukumwa taratibu.

Ukija, fikia kwangu. Kitanda nimekwisha kutandika. Na kama kuna mtu uliyemwachia ufunguo mwingine, niandikie. Hata kama hayupo, Shangazi, niandikie kwamba yupo.

Mume wangu anakuamkia. Msalimie binti yako na wajukuu. Mungu akufikishe salama, mchana kweupe.

Mwanao akupendaye,
Fundi wako