Kitu Ulichoniwekea Pale Mbele

Kaka Aloyce,

Shikamoo. Najua leo hakuna wa kuniitikia, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mdogo haanzi maneno kabla ya salamu.

Nimetengeneza AC ya gari. Ndiyo, mimi Fausta, uliyekuwa ukinitania kwamba nikifungua boneti ni kwa ajili ya kupiga picha. Ilianza kusumbua baada ya Krismasi. Sikukwambia, maana tulikuwa hatusemeshani. Kila nikiwasha, kitu kinagonga ndani ya dashibodi, tak tak tak, kisha kinanyamaza, na kioo kinajaa ukungu. Fundi mmoja wa mjini aliongeza gesi, akaniambia iko poa. Haikuwa poa. Siku tunakuzika, mvua ilinyesha Kibosho nzima, nami nilipanda ile barabara mbovu nikifuta kioo kwa leso, nikifuta macho kwa leso hiyohiyo, huku nalitukana gari.

Jumamosi iliyopita nikakaa nalo hapa uani, Shirimatunda. Nikafuata maneno yako: "Anza na kilicho rahisi, na usifungue kitu kabla hujakisikiliza." Fyuzi zilikuwa nzima. Feni ilizunguka. Nikabonyeza kile kitufe cha kuchagua hewa ya nje au ya ndani, nikasogeza sikio. Tak tak tak. Sauti ilitoka nyuma ya droo, ile ya mbele ya abiria. Nikatoa makaratasi yote, nikabana droo pembeni kama ulivyowahi kunionyesha, ikachomoka. Nyuma yake kuna tundu la kuvutia hewa, na kibao kidogo kinachofunguka na kujifunga. Kibao kilikuwa kimekwama. Hewa ya nje haiingii, gari linazungusha pumzi yangu mwenyewe, ndiyo sababu ya ukungu wote ule. Nikaingiza vidole, nikavuta.

Jani la isale, kaka. Limekauka, limechanika upande mmoja, lakini fundo lake bado limekaza.

Nilikaa chini palepale kwenye sementi. Nani kwetu asiyejua isale? Ukimkosea mtu unamletea jani lake limefungwa fundo, naye hata kama moyo unawaka moto, halikatai. Baba alikuwa akisema anayelikataa hana tena ndugu.

Ndipo nikaikumbuka ile asubuhi nilipoondoka nyumbani kwenu baada ya Krismasi. Nilikuwa bado nimevimba kwa ajili ya mibuni ya mama, uliyoing'oa ukapanda maparachichi bila kuniambia hata neno. Ulifungua mlango wa abiria, ukainama, ukasema, "Nimekuwekea kitu pale mbele." Kwenye kiti palikuwa na mfuko wa maharage. Nikadhani ndicho hicho. Nikajisemea, huyu anafikiri mibuni ya mama inafidiwa kwa maharage? Nilipofika nikaupeleka kwa jirani bila hata kuufungua. Na droo unaijua ilivyokuwa. Nilisokomeza makaratasi humo mpaka ikagoma kufunga, kwa hiyo lazima nililisukuma jani lako nyuma kwa mkono wangu mwenyewe, feni ikamalizia kulivuta.

Halafu ukapiga simu. Hukuzunguka. "Umekiona nilichokuwekea?"

Nikajibu, "Nimekiona." Basi. Hata asante sikusema.

Ukasema, "Haya, mdogo wangu," ukakata. Lile "haya" nililisikia kama kiburi chako cha siku zote. Sasa nikilikumbuka ninataka kujipiga makofi.

Nilimpigia wifi Matilda nikamwambia nilichokiona. Alilia kwanza. Kisha akaniambia ulilikata mwenyewe alfajiri, pale mpakani mwa kihamba, shamba letu la ukoo, ukaliweka kwenye droo ili lisipeperuke njiani. Na kwamba mpaka presha inakuangusha ulikuwa ukimuuliza, "Fausta hajasema kitu?" Kaka, uliondoka ukiamini nimelikataa. Hilo ndilo linaloniua. Mibuni inapandwa tena. Ningeliona jani lile, Mungu ni shahidi, ningegeuza gari siku hiyohiyo, nikaja tukanywa mbege na kugombana vizuri kama watu wenye akili.

Lakini wewe nawe! Mdomo ulikuwa nao. Ungesema tu, "Fausta, ni isale." Neno moja. Najisikia vibaya kukulaumu, ila na hilo limo moyoni, siwezi kulificha.

AC inafanya kazi sasa. Nimezunguka na gari mjini mvua ikinyesha, kioo kikawa safi, naona mpaka mwisho wa barabara. Nilitamani nikupigie simu nikuringie.

Jumapili baada ya misa nakuja. Nitakata jani bichi la isale palepale ulipokata lako, nilifunge fundo, niliweke kaburini mbele ya wifi na watoto, na niseme kwa sauti kile nilichopaswa kusema kwenye simu. Na kiangazi kikifika nitayamwagilia maparachichi yako, naahidi, ingawa bado nasema ulikosea kutoniuliza.

Pumzika, kaka yangu. Jani lako nimelipokea. Langu linakuja, na wewe usilikatae.

Mdogo wako,
Fausta