Pingili Nilizowaletea

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na mama naye hajambo. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo haijatulia. Tangu juzi napiga simu, mtandao wa huko kwenu umekatika, ndiyo maana nimemkabidhi barua hii dereva wa lori la mbolea. Kabla hujasoma zaidi, mwambie mama asitafune muhogo wa shamba la juu. Hata kipande. Kisha rudi, ukae, uendelee.

Nilikueleza kazi yetu: tunabadili vinasaba vya muhogo ndani ya chupa ili usiozeshwe na ule ugonjwa uliomaliza shamba lenu. Ulicheka, ukasema tumeanza kuufundisha muhogo adabu. Mwaka jana adabu ilikuwepo. Mvua zilinyesha, mizizi ikanenepa, na nilipopima sumu kwa karatasi ya njano, ile inayogeuka kahawia ikikuta sumu, karatasi ilibaki njano vilevile. Mkuu wetu wa maabara, yule tunayemwita Miwani, alisema sasa njaa imepata mpinzani.

Mwaka huu mvua imegoma, huku kama huko. Jumanne asubuhi mbuzi watatu wa mlinzi walipenya ua wa shamba la majaribio, wakala majani na mizizi. Kufikia saa sita walikuwa chini, midomo ina povu, wanahema kama waliokimbizwa. Mlinzi aliwaita mmoja mmoja kama anaita wanawe. Hakuinuka hata mmoja. Nikatumwa kupima upya. Niliponda mzizi, nikauziba chupani pamoja na karatasi. Kesho yake karatasi ilikuwa kahawia, kama tofali. Nikarudia. Kahawia tena. Miwani alisema muhogo ukikosa maji huongeza sumu, lakini huu wetu umepita kiasi, na hatukuwahi kuujaribu wakati wa kiangazi. Akatukusanya, akauliza kama kuna pingili yoyote ya kupandia iliyotoka nje ya ua. Wenzangu walisema hakuna. Nami nikasema hakuna, na sauti haikutetemeka.

Dada, nilidanganya. Nilimdanganya yeye, na kabla ya hapo niliwadanganya ninyi. Zile pingili nilizowaletea mwaka jana mpande shamba la juu, niliwaambia nimeruhusiwa; sikuruhusiwa na mtu. Niliziiba, nikazifunga kwenye taulo. Nilikuwa nimemwona mama akifukua mizizi myeusi, akisema hata kuku hawaitaki, nikaona kungoja miaka mitatu ya majaribio ni kanuni ya watu walioshiba. Na wiki iliyopita ukanipigia kwa furaha kuwa umevuna, ukawagawia majirani mizizi na pingili, nyumba kumi na moja, na wote wananiombea dua. Tangu Jumanne kila nikifumba macho naziona nyumba hizo zinapika.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Miwani nikasema yote. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Hakufoka. “Habari ya kazi yako tutaongea baadaye,” alisema. “Kwanza nitajie nyumba, moja moja.” Niliweza kutaja nne tu. Tutakuja kesho na gari, tukiwa na muuguzi, tung'oe kila shina.

Lakini kesho ni mbali. Zunguka leo hii, anza na wenye watoto wadogo. Wasile mizizi, majani wala unga wake, wala wasiwape mifugo. Mwenye kizunguzungu, kutapika au kuhema vibaya akimbizwe hospitali, daktari aambiwe ni sumu ya muhogo. Wakiuliza nani kaileta, usinifichie aibu. Sema ni mdogo wako.

Nisalimie mama, shemeji na watoto. Mama mwambie yote, asiyasikie kwa jirani. Mtandao ukirudi, nipigie hata kama huna neno la kuniambia. Nikimsikia tu mama anagomba huko nyuma yako, itanitosha.

Ni mimi mdogo wako ninayekuogopea,
Chiriku