Chapa Kwenye Shingo ya Namba Arobaini na Saba

Jumatatu, 10 Januari 2022

Leo sokoni nimesikia. Kikosi cha ngamia kinaongezwa watu! Magari yao yamezama mchangani mpaka serikali imekumbuka kuna mnyama. Ila kuruta wa siku hizi wanapanda ngamia kama gunia la ngano, wanapandia huku wanaangukia kule. Sasa wanatafuta wazee wa kuwafundisha. Gwanda unapewa, cheo unapewa, umri hauangaliwi.

Wazee wa kuwafundisha! Yupo nani mwingine? Toka hapa mpaka mpakani na Mali hakuna aliyekaa juu ya ngamia kama mimi Khattri. Siku kumi na moja sikushuka ila kwa swala na haja. Waulizwe.

Nikamwambia mke wangu. Tekber hajawahi kunionea huruma hata siku moja. Akasema, "Utampanda mwenyewe, mzee, au tuje tukupakie?" Kisha akacheka mpaka akamwaga maziwa.

Nimeitoa ile karatasi kwenye kopo la chai. Miaka ishirini na nne. Imeandikwa, amefukuzwa jeshini kwa utovu wa nidhamu na wizi wa mali ya serikali. Sajenti alinifundisha herufi ili niandike maji ya ngamia kwenye daftari. Barua ya kwanza kuandikiwa maishani ikawa hiyo, na niliisoma mwenyewe bila kusaidiwa.

Kesho naenda.

Jumanne, 11 Januari

Nimekwenda. Getini kuna kuruta mwenye ndevu tatu. "Baba, msaada wa unga ni Alhamisi." Unga! Nikamwambia, kaza kamba ya tandiko la yule mweupe pale, litamchubua nundu kabla ya adhuhuri. Akaenda kutazama. Kamba imelegea. Akarudi akanifungulia geti na saluti akapiga, mjinga, hakujua anampigia nani. Sikumsahihisha.

Mkuu wa kambi ni Kapteni Ely. Mtoto mdogo, lakini ana adabu, alinimiminia chai kwa mkono wake. Akafungua faili. Wamelitunza! Panya wamekula kila kitu nchi hii, faili langu wameliacha.

"Mzee Khattri, hapa pameandikwa wizi."

"Fitina, afande."

"Ya nani?"

"Ya Deddah."

Akaliandika jina. Nilisikia raha.

Alhamisi, 13 Januari

Nimekutana na Deddah dukani. Meno mapya, meupe kama ya farasi, ya pensheni hayo. Tulikuwa doria moja, tulilala chini ya blanketi moja, na yeye ndiye aliyekwenda kusema.

Akaniita mbele za watu, "Khattri! Nasikia unarudi jeshini! Nani atakubebea bunduki?"

"Wewe, ukiyatoa kwanza hayo meno, yasije yakaogopesha ngamia."

Watu walicheka. Na yeye alicheka. Nilitaka asicheke.

Sasa niandike lilivyokuwa, mara moja, basi. Ngamia jike wa jeshi alizaa njiani, tuko doria. Ndama jike, kijivu. Tuliporudi kambini ndama akaonekana ana chapa ya moto shingoni, kushoto. Mstari mmoja wima, vitone viwili chini yake. Hiyo ni chapa ya ukoo wetu, alipiga babu, alipiga baba. Deddah aliiona akaripoti. Siku tatu tu, nikavuliwa gwanda mbele ya kikosi kizima. Vifungo vilikatwa kwa kisu cha jikoni.

Sasa yule mama yake alikuwa wa nani? Wa baba yangu! Mwaka wa ukame wanajeshi walikuja na lori wakamchukua, wakamwachia baba magunia mawili ya ngano. Baba alikula ile ngano huku analia. Mimi mwizi? Mimi sikuiba.

Jumapili, 16 Januari

Leo mtihani. Mkono unauma kuandika, lakini niandike, leo imeandikika!

Wakanitolea dume, mkali, povu mdomoni, kuruta wote wamejitenga kando ya ukuta. Nikamshika pua, nikamwambia neno langu, akapiga magoti kama mtoto wa madrasa. Nikapanda. Nikazunguka mara mbili bila kushika kitu. Kapteni Ely akauliza nyayo. Kulikuwa na nyayo za jana asubuhi mlangoni. Nikasema, huyu ana mimba, huyu jicho lake la kulia halioni, amekula majani ya upande wa kushoto tu, na huyu wa tatu amepandwa na mtu mnene. Yule mnene alikuwa mpishi! Walicheka mpaka mpishi akakimbilia jikoni.

Kushuka ndiko kulikuwa na shida. Goti. Nilijifanya natazama kwato.

Basi nipo pale chini, natazama kwato, nikasikia mdomo wa moto nyuma ya shingo. Jike zee, kijivu. Amekuja mwenyewe kutoka zizini, ananusa kilemba changu. Sikugeuka. Kuruta mwenye ndevu tatu akasema, "Namba arobaini na saba huyo, haendi kwa mtu. Hata anayemkamua anapigwa teke."

Nikasema ananusa tumbaku.

Kapteni alinitazama. Sijui aliona nini. Mimi nilimpa jina yule siku aliyozaliwa. Hakuna mtu nimemwambia na hapa siandiki.

Jumatano, 19 Januari

Kapteni ameniita. Ananitaka! Amesema waziwazi. Lakini faili. Jumamosi anakuja afisa kutoka makao makuu Nuakshoti na muhuri. Atalifungua upya shauri langu, hapo hapo kambini, mbele ya watu. Ikionekana sikupiga chapa ile, karatasi inafutwa, naitwa Koplo Khattri, mwalimu wa ngamia. Ikionekana nilipiga, faili linafungwa na halitafunguliwa tena.

"Na vipi itaonekana, afande?"

"Ngamia mwenyewe si yupo, mzee. Chapa haijafutika."

Nimerudi nyumbani nikamkuta Deddah amekaa kwenye mkeka wangu! Tekber anampikia chai, glasi ya pili. Nilitaka kumfukuza. Akasema, kaa wewe, nimezeeka, nakuja kumaliza neno. Atasema mbele ya afisa kwamba alikosea. Kwamba ukoo wa Ulad Hmeid nao wana mstari na vitone, na kidonda cha moto kikiungana chapa zao na zetu zinafanana. Wao walihama zamani, hakuna wa kuulizwa.

"Mimi nitasema hivyo," akasema. "Wewe utaulizwa neno moja tu. Chapa hii ni yenu? Utasema hapana. Basi, umevaa gwanda."

Hapana.

Deddah ni mtu wa kununua ngamia sokoni, hajui. Chapa haikanwi. Mtu wetu akiulizwa mbele ya mnyama, anasema ni yetu, hata mnyama awe amekula shamba la watu, hata awe ameua mtoto. Baba alilipa diya, fidia ya mkono wa mtu aliyeumwa na ngamia wetu, kwa sababu hakutaka kusema "si wetu." Anayekana chapa haitwi tena kwa jina la baba yake. Tulikuwa na mmoja, anaitwa kwa jina la mama yake mpaka leo, na wajukuu wake vilevile.

Nikamwambia Deddah toka. Akamaliza glasi ya tatu kwanza, yeye na meno yake.

Alhamisi, 20 Januari

Siongei na mtu.

Tekber anaongea. "Miaka ishirini na nne unanilisha hiyo karatasi asubuhi na jioni. Sasa wanataka kuichana, nawe unashika ncha."

Nikasema mimi nilionewa.

Akasema, "Khattri. Chuma cha chapa kilitoka kwenye hema langu. Wiki ile nzima sikukiona. Nilijiambia mbwa kakibeba."

Yaani amejua siku zote! Miaka ishirini na nne ananipikia, hasemi!

Ijumaa, 21 Januari

Msikitini watu wamenipa mkono. Mkuu, koplo, hongera. Nimepokea zote.

Jumamosi, 22 Januari

Naandika kambini, uani. Afisa amekwenda kuswali na kula, nyama wamemchinjia. Mimi sikula.

Tekber alinifungia mfuko asubuhi. Njiani nikafungua. Buti zangu za jeshi, amezipaka mafuta. Na chini ya buti, kile chuma cha chapa. Mwanamke huyu!

Afisa ana miwani, anaongea taratibu, ananiita "mzee wetu." Kuruta wamepangwa mistari miwili. Wamemleta namba arobaini na saba, wamemlaza, wamemnyoa manyoya shingoni ionekane vizuri. Deddah akasimama. Alisema kila kitu kama alivyoahidi, Ulad Hmeid, moto, macho yake ya wakati ule. Amedanganya vizuri sana, hata sauti ilimkatika. Nilikaribia kumpenda.

Baada ya swala ni zamu yangu. Neno moja. Gwanda lipo mezani, limekunjwa, vifungo vyote vipo. Nimevihesabu nikiwa nimekaa hapa chini kando ya namba arobaini na saba. Anatafuna tu. Kitone cha pili kimekaa upande, si chini ya mstari kama inavyotakiwa. Siku ile alirusha teke nilipomgusa na chuma, mkono ukaniyumba. Baba angenichapa kwa chapa mbaya vile. Chapa mbaya kuliko zote nilizowahi kupiga, na hao wote wamekuja kuitazama hiyo!

Wametoka msikitini. Afisa anafuta miwani. Kapteni anasema, "Mzee Khattri, simama tafadhali."

Goti limekaza. Hakuna mtu karibu wa kunipa mkono. Hapa hapana cha kushika ila shingo ya huyu jike, penye chapa yetu