Sweta Kiunoni

Birongo,
20 Januari 2025

Mama yangu Gesare,

Baridi ya Nyaramba inakutendeaje? Sisi huku ni wazima. Mdogo wako Linda ana mafua, lakini kelele zake hazijapungua hata kidogo. Jua limekaza na chai haichumiki.

Nina habari ya kukuchekesha. Jana kwenye mkutano wa wazazi wa shule yenu baba yako alisimama akasema mpaka akapigiwa makofi. Niliwaambia wasichana wetu wanafunga sweta kiunoni kama watu waendao disko, na wavulana wanawatazama wao badala ya ubao. Tukapitisha: msichana avae sweta kifuani, asiifunge kiunoni. Naibu wa mkuu, Mwalimu Nyakundi, akaandika papo hapo.

Tangu mama yako afariki, naogopa kila jicho linalokuangalia. Sasa nitalala.

Ni mimi baba yako na mtoto wako mzee, kwani jina ulilobeba ni la mama yangu,
Tata

*

Nyaramba,
16 Februari 2025

Tata mpendwa,

Salamu tele. Mafua ya Linda yamekwisha? Mwambie asifiche uji chini ya meza, namjua.

Kanuni yako ilifika kabla ya barua yako. Wasichana waliniuliza kama wewe ndiye yule Ongeri, nikawaambia Birongo imejaa akina Ongeri.

Usikasirike nikiuliza, Tata. Wavulana wakitoka uwanjani hufunga sweta kiunoni na hakuna anayewaambia kitu. Mwenzetu Bravin huingia nayo hivyo mpaka darasani. Kwa nini wao ni sawa? Tena msichana anaweza kufunga sweta kwa sababu yake, si ya disko. Mama angekueleza sababu hiyo. Mimi siwezi, unajua mwenyewe. Nakuomba uwaambie waifikirie tena.

Mama yako,
Gesare

*

Birongo,
9 Machi 2025

Mama,

Hatujambo. Mvua imeanza na Linda amepona.

Barua yako nimeisoma nikacheka, nikasema huyu atakuwa wakili, wala si mwalimu wa hesabu kama anavyotaka. Lakini hapana. Kama ni joto, vua sweta uibebe mkononi. Sababu nyingine siioni. Mvulana haharibikiwi akitazamwa, ndiyo maana hatukuwagusa. Nami nimesema mbele za watu, siwezi kurudi kuyameza maneno yangu. Vumilia kidogo.

Mtoto wako mzee,
Tata

*

Masimba,
16 Juni 2025

Tata,

Nakusalimu. Nimetoka shuleni. Niko kwa shangazi Tryphosa, niko salama.

Ijumaa kwenye gwaride Mwalimu Nyakundi aliniita mbele kwa sababu sweta yangu ilikuwa kiunoni. Nilimwomba nimweleze mwalimu wa kike, Madam Damaris, pembeni. Akasema kanuni haina pembeni, na kwamba aliyeitunga ni baba yangu mwenyewe. Nikaishika sweta kwa mikono miwili. Akamwamuru kiranja aifungue.

Shule nzima iliona, Tata. Wavulana walicheka. Nilitembea mpaka bwenini nimejifunika kwa mikono.

Walichokiona siwezi kukuandikia. Muulize shangazi.

Gesare

*

Birongo,
22 Juni 2025

Gesare,

Mwalimu Nyakundi alinipigia simu kabla barua yako haijafika. Amesema uligoma mbele ya shule nzima kwa ajili ya sweta. Mimi, mzee wa kanisa! Sabato sikujua niweke wapi uso wangu.

Unasema nimuulize Tryphosa. Nimuulize nini? Amri ilikuwa ya kufungua sweta, si ya kuhama nchi. Rudi shuleni uombe msamaha. Usiporudi, usiniandikie tena.

Baba yako

*

Birongo,
28 Septemba 2025

Mama yangu,

Sijui unaendeleaje, na kosa ni langu. Nilikukataza kuandika, nawe umenitii kuliko nilivyotaka. Simu hupokei. Sisi tuna afya, ila nyumba imenyamaza.

Likizo ya Agosti Linda alipevuka. Hakuwa na wa kumwambia hapa nyumbani, akampigia Tryphosa. Tryphosa alipomaliza naye alinifuata kwenye migomba, akanieleza habari zako zote akiwa amenipa mgongo, kwa sababu hata dada na kaka hawasemezani hivyo. Unazijua chinsoni zetu, miiko ya kuoneana haya: baba na binti hawagusi maneno ya mwili. Nilidhani ni heshima. Sasa naona ilinilinda mimi tu.

Basi nayaandika. Ulikuwa kwenye hedhi. Damu ilishika sketi, ukajisitiri kwa kitu pekee ulichokuwa nacho, na kanuni yangu ikakuvua mbele ya watu. Moyo wangu umepasuka, mama.

Nilienda kwenye mkutano wa wazazi nikalitamka neno hilo mbele ya wanaume. Wawili walitoka nje. Nikasema kanuni ile niliileta mimi na mimi naiondoa. Imefutwa.

Nilichukua sanduku lako shuleni. Ndani nikaikuta ile sketi, umeikunja kwenye gazeti. Tryphosa alitaka kuifua, nikamkatalia. Niliifua mwenyewe Ijumaa kwa sabuni ya kipande, nikasugua mpaka maji yakatoka safi, nikaianika kwenye kamba ya mbele. Siku ya Sabato sketi ilikuwa bado pale, na kila aliyekwenda kanisani aliiona.

Sasa imepigwa pasi. Rudi umalize masomo, mama.

Mtoto wako mzee,
Tata

*

Masimba,
12 Oktoba 2025

Tata wangu,

Ninakula, usiwe na hofu. Shangazi ananifundisha kushona dukani kwake na mkono wangu si mbaya.

Barua yako niliisomea nyuma ya duka, nikalia mpaka shangazi akafunga mapema. Sijasikia kwetu baba aliyefua sketi ya binti yake. Sitaisahau siku hiyo ingawa sikuwepo.

Lakini sirudi. Juzi kijana wa shule yetu alikuja kununua zipu, akanitambua, akawaita wenzake: "Bendera! Njooni mwone Bendera!" Ndilo jina walilonipa siku ile, kwa ule wekundu. Kanuni umeifuta, Tata. Hilo jina nani atalifuta? Bado naipenda hesabu. Usiniulize habari zake, inauma.

Sketi niletee niipunguze imfae Linda, mwakani anaingia shule hiyohiyo. Na siku zake zikikaribia, muulize wewe mwenyewe kama ana vya kutumia. Usimngoje shangazi. Atainamisha kichwa, atatamani ardhi immeze. Wewe uliza tu.

Jumapili nipo. Njoo unione, lakini sanduku liache nyumbani.

Mama yako,
Gesare